Sauti za Wanaume Shambani kwa Mwalimu

Sisi tuliosoma kwake hatujawahi kumwita kwa jina. Hata leo, wengine tukiwa na mvi, tukikutana naye sokoni Karatu tunaficha mikono nyuma na kusema "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti ya watu waliochelewa namba ya asubuhi shuleni. Nami hapa nitamwita hivyo hivyo. Nikiandika jina lake habari zitamfikia, na sina hamu ya kurudishiwa karatasi hii ikiwa imejaa wino mwekundu.

Kwanza sauti yake. Ilikuwa kavu, ya chini, na haikupanda hata siku moja. Walimu wengine walipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikatoka, yeye alisema tu "wewe," bila kumtazama mtu yeyote, na kila mwenye dhambi darasani alisimama mwenyewe. Nilimwona akiwa ameshastaafu, amesimama kando ya barabara, gari la watalii likapita kwa kasi na kuwarushia tope watoto waliokuwa wakienda shule. Gari lilisimama mbele kidogo, wageni walitaka kupiga picha. Mwalimu alimfuata dereva dirishani akamwambia, "Shuka." Yule kaka, mtu mzima mwenye miwani ya jua na redio ya kuitana na wenzake, alishuka. Akawaomba radhi watoto mmoja mmoja, na alipofika kwa wa mwisho akaambiwa aongeze sauti.

Basi jueni kwamba sauti hiyo, iliyowanyoosha watoto wa wakulima huku Karatu na kabla ya hapo watoto wa wafugaji upande wa Ngorongoro, haikumtisha hata nyani mmoja.

Nyumba yake iko mwisho kabisa wa kijiji, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Kati ya mahindi yake na miti ya hifadhi kuna mtaro tu, tena mtaro wenyewe unarukwa hata na mbuzi. Upande huu kila mtu anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Usiniulize nyani anamtambuaje. Mwanamume akitokea shambani na fimbo, kundi zima linapanda juu likibweka. Mwanamke akitokea, wanamtazama kidogo kisha wanaendelea kumenya mahindi. Mwalimu alijaribu kuvaa koti la marehemu mume wake, kofia yake na mabuti yake. Nyani walirudi nyuma, wakasita, na mpango ungefanikiwa kama asingefungua mdomo. Alisema "Tokeni," wakarudi wote shambani.

"Miaka yote niliyofundisha, Fundi," aliniambia, "sijawahi kudharauliwa namna hii."

Fundi ni mimi. Nina kibanda cha kutengeneza simu na redio mjini, na yeye huniita Fundi kwa namna fulani ya kuvuta neno, kama mtu anayesubiri ushahidi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sisi wanafunzi wake wa zamani tukikaa pamoja huwa tunayacheka. Alitufundisha kwamba kinyonga hana sumu wala laana, akatuchorea ubaoni jinsi macho yake yanavyozunguka. Lakini akimkuta njiani huzunguka kwa kupitia shamba la jirani, hata kama limelimwa jana na mvua imenyesha. Hakutaka kusikia simu darasani, na siku hizi anatuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko ibada ya Jumapili, unaoanza kwa kutaja siku, tarehe na somo. Hapendi mgeni asiyetoa taarifa. Ukifika bila taarifa atakusema kuanzia mlangoni mpaka jikoni, na wakati huo wote mkono wake unakupakulia makande na kukumiminia maziwa ya mgando, na hutaondoka mpaka sahani iwe nyeupe.

Misemo yake ilikuwa michache na tuliibeba mpaka ukubwani. "Usinijibu kwa mabega" ilikuwa ya watoto wa kuinua mabega wakiulizwa swali. Fundi wangu wa kwanza, yule aliyenifundisha kazi, hakunipa neno lililonisaidia kuliko hili la Mwalimu alilolisema kila hesabu ilipokwama: "Rudia kuanzia pale ulipokuwa na uhakika." Mpaka leo simu ikinishinda, najisemea hivyo kimoyomoyo na kurudi kwenye skrubu ya kwanza.

Nyani walikuwa wamekula mahindi yake misimu miwili mfululizo, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Mtoto wake wa kiume anaishi Arusha, ana mke na watoto, ni kijana mwema anayempenda mama yake, na ndiyo maana alimchosha kwa simu kila jioni. Alimwambia mama hawezi kukaa peke yake ukingoni mwa msitu akila mahindi ya kununua wakati ana shamba. Mwishowe walikubaliana. Msimu huu nyani wakimaliza tena shamba, baada ya mavuno atakuja na gari, na Mwalimu atafunga nyumba na kuhamia kwake mjini. Mwalimu alitoa neno lake, na sisi tuliomjua tulielewa maana yake. Akisema jambo amesema.

Aliniambia habari hiyo akiwa anachambua maharage ya ngwara kwenye ungo, bila kuinua macho. "Chumba nimekiona," alisema. "Kizuri. Dirisha linatazama ukuta." Nikavuta kigoda nikamsaidia kuchambua.

Sasa redio. Alikuwa na redio kaseti ya kubeba mkononi, ya zamani, spika mbili kubwa kama sufuria, mpini juu, mlango wa kaseti katikati. Aliinunua enzi za vipindi vya shule, alipokuwa akiibeba darasani na sisi kukaa kimya kumsikiliza mwalimu asiyeonekana. Mkanda wa ndani wa kuzungushia kaseti ulikuwa umeoza siku nyingi, na upande wa redio ulishika kituo kimoja tu. Msimu uliopita aliipeleka shambani, akaiweka kwenye kichanja na kuiacha ikiongea. Kwa siku za mwanzo ilisaidia. Kisha nyani wakazoea, na anaapa kwamba alimkuta dume mmoja amekaa juu ya kichuguu, mkono kwenye goti, akisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho wa michezo.

Wazo lilikuwa langu. Nilimwambia nyani wamezoea redio kwa sababu ni sauti ile ile, haina hasira nao. Tungerekodi sauti za wanaume kwenye simu, sauti za kwetu, kisha tuzipige shambani kwa kubadilisha. Nikamletea spika ndogo ya kisasa isiyo na waya. Aliisikiliza kidogo akairudisha mezani. Akasema ni mbu aliyefungiwa kwenye kopo.

"Hii hapa ina kifua," alisema, akaipapasa ile redio. "Iwekee mahali pa kuchomeka simu."

Kazi yenyewe si ngumu ukiijua. Ndani ya redio kaseti yoyote, sauti kabla haijakuzwa hupitia kwenye kile kitufe cha kuongeza na kupunguza. Ukiungia waya wa simu hapo, redio haitajua tofauti, itakuza chochote unachoipa. Unahitaji nyaya tatu, wa kulia, wa kushoto, na mmoja wa pamoja wa kurudishia, na tundu dogo la kuchomekea. Mimi hupenda lile tundu ambalo ukichomeka waya linakata redio lenyewe, ukichomoa redio inarudi.

Lakini kazi isiyo ngumu huwa ngumu Mwalimu akiwa amesimama nyuma yako. Tulifanyia kwake, mezani, juu ya magazeti. Nilipofungua kifuniko cha nyuma tulikuta vumbi jekundu la miaka yote na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa vipande vya karatasi za mtihani. Alivitoa kimoja kimoja kwa kibano changu, akasoma, akatikisa kichwa. Nikatafuta miguu ya kile kitufe, nikaigusa kwa ncha ya bisibisi mpaka spika ikanguruma, hapo nikajua ndipo sauti inapoingilia. Nikawasha pasi ya kuchomelea, nikayeyusha risasi, nikaunga. Nilipotaka kutoboa tundu pale mbele, karibu na vitufe, akanishika mkono.

"Usimtoboe usoni."

Nikatoboa nyuma, chini ya mpini, ambako halionekani. Nikachomeka simu, nikabonyeza wimbo wa kwaya. Ikatoka ngurumo tu, kama gari bovu linalopanda mlima wa Rhotia. Nilikuwa nimeshajiona nimeiua redio ya Mwalimu, na pamoja nayo shamba, na pamoja nalo nyumba. Nikaanza kugusa hiki na kile ovyo.

"Fundi," alisema kwa sauti ile kavu, "rudia kuanzia pale ulipokuwa na uhakika."

Nikarudi nyuma. Waya wa pamoja nilikuwa nimeuweka mguu usio wake. Niliuhamisha, nikabonyeza tena, na kwaya ikajaza chumba mpaka kuku wakakimbia mlangoni. Mwalimu aliniongezea sukari kwenye chai bila kuuliza, na kwa mtu yule hicho ni cheti.

Kilichofuata ni upumbavu wetu sisi wawili, na unamchekesha kila aliyezaliwa huku.

Tulijiuliza ni sauti gani ya mwanamume nyani wanaiogopa kuliko zote. Jibu lilikuwa wazi, yowe. Yowe likipigwa wanaume hutoka na mbwa, na nyani wanajua hivyo. Basi nikasimama nyuma ya nyumba, nikajifunika blanketi mimi na simu yangu ili majirani wasinisikie, nikajirekodi nikipiga yowe. Kesho yake asubuhi, nyani walipoteremka, tukaiweka redio kwenye kichanja, tukaiunga na betri ya sola, nikafungua sauti mpaka mwisho na kubonyeza.

Nyani walipotea kama hawajawahi kuzaliwa. Mwalimu alinigeukia na karibu atabasamu. Ndipo tukasikia mbwa, kisha miguu.

Kwetu yowe halina mjadala. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha uji mezani, unachukua fimbo au panga na kukimbilia linakotoka, awe chui, wawe wezi wa ng'ombe. Asiyetokea anaitwa kikaoni, na anayelipiga bure anaitwa vilevile. Mimi nimelijua yowe tangu mgongoni kwa mama yangu. Mwalimu ameliacha darasa lake likimbie mara nyingi kwa sababu yake. Na bado tulilichukua, tukaliweka kwenye spika mbili kubwa, tukalifungua mpaka mwisho juu ya kilima.

Walitoka kila upande, wanapumua, matope mpaka magotini. Mwenyekiti wa kitongoji alifika akiwa na shoka na povu la sabuni kwenye shavu moja. Alikuwepo hata mfugaji kutoka Olbalbal, kule ndani ya Ngorongoro, aliyekuja mnadani, aliyesikia akiwa njiani na kuacha ng'ombe wake kwa mwenzake. Zamani Mwalimu alimfundisha huko kwao.

"Chui yuko wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Hakuna chui," alisema Mwalimu.

"Wezi?"

"Hakuna wezi."

"Sasa nani amepiga yowe?"

Mwalimu alionyesha kichanja. Wanaume wote wakaitazama redio. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mwenyekiti alijifuta povu. "Mwalimu, kwa heshima zote," alisema, "hili ni kosa. Mtu angeweza kuvunjika mguu. Itabidi uje kikaoni."

"Nitakuja, na nitawahi," alisema Mwalimu. "Ni kosa, na ni langu na la Fundi. Lakini kwa kuwa mmeshafika." Akawapitia kwa macho, taratibu, kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Wengi wao walikuwa wanafunzi wake. "Simameni mstari. Wafupi mbele."

Sijui niseme nini zaidi ya kwamba walisimama. Wanaume wenye mapanga, wenye wajukuu, mmoja mjumbe wa baraza la kanisa, wakasukumana kutafuta nafasi zao kwa urefu. Mwenyekiti alijikuta mstari wa mbele akalalamika kidogo kwamba amerefuka tangu wakati ule.

"Jedwali la saba," alisema Mwalimu. "Kwa sauti. Fundi, rekodi."

Wakaanza. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Yale mavifua yaliyokuwa yamekuja tayari kupambana na chui yalitoa saba mara moja saba kwa nguvu zote, na msitu ukajibu. Walikwenda vizuri mpaka saba mara nane. Hapo wengine wakasema hamsini na nne, wengine hamsini na sita, na mwenyekiti akasema kitu katikati.

"Rudieni," alisema Mwalimu, "kuanzia pale mlipokuwa na uhakika."

Wakarudi kwenye saba mara tano. Yule wa Olbalbal alipomaliza akaomba kuongeza lake, akapiga mluzi wa kuswagia ng'ombe, mrefu, unaopinda mwishoni. "Nyani wanatujua sisi hata kwa mluzi, Mwalimu," alisema kwa lafudhi ya kwao, akijitandia rubega upya. "Wakisikia huo wanajua mkuki uko nyuma."

Jioni, nikisafisha rekodi, nilimwambia Mwalimu nitakata pale sauti yake inaposikika ikiwasahihisha. Nyani wakisikia mwanamke watarudi.

"Usikate," alisema. "Wasikie ninavyotiiwa."

Kikaoni alipewa adhabu ya kuwapikia wazee makande, na walikula mpaka wakasahau kosa. Redio ikabaki shambani kila siku tangu jua linapochomoza mpaka nyani wanapokwenda kulala. Jedwali la saba liliwafukuza kwa muda, kisha tukaona yule dume ameanza tena kukaa kwenye kichuguu. Tukaweka jedwali la nane. Kisha wanaume wakaanza kupita wenyewe, huyu akitoka kisimani, yule akirudi kanisani. "Mwalimu, nimekuja kurekodiwa." Dereva mmoja alirekodi maelezo yake yote ya kuwatembeza wageni kwenye kreta ya Ngorongoro, kwa Kiingereza, na nyani hawakuyapenda kabisa. Waliohamia mbali, Wasso na kwingineko, walituma kwa simu. Mwalimu aliwasema wote kwa kuja bila taarifa, na sufuria yake ya makande ikawa haitoki motoni. Nilikuwa nikimtembelea namkuta anacheka na mtu uani, nami nilifurahi kuliko nilivyofurahia mahindi.

Hata hivyo wasiwasi haukuniisha. Mahindi kuwa mabichi shambani ni jambo moja, kuwa makavu ghalani ni jambo jingine. Wakati wa mavuno niliitwa Olbalbal kutengeneza sola za wafugaji kadhaa, nikakaa huko kwenye vumbi na upepo bila mtandao, kila siku nikijiambia nitampigia Mwalimu nikifika mahali pa juu. Sikumpigia.

Nilirudi kwa lifti ya lori la mbuzi. Tulipotoka geti la hifadhi na kuteremka upande wa Karatu, nilimwomba dereva anishushe kwenye njia ya kwake. Nilipanda kwa miguu ule mlima wa udongo mwekundu, na kabla sijafika niliona gari. Pikapu nyeupe, imeegeshwa kinyumenyume mbele ya mlango wa Mwalimu, imejaa mpaka juu, imefunikwa turubai. Kijana wake wa Arusha alikuwa juu ya mzigo akivuta kamba. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa.

Niliwaza jedwali la saba, na la nane, na wanaume wote wale, na kwamba yote hayo hayakutosha. Niliwaza dirisha linalotazama ukuta. Shambani palikuwa peupe, mabua yamelala, na kwa mbali huwezi kutofautisha shamba lililovunwa na shamba lililoliwa. Machozi yalinilenga, nasema kweli.

"Fundi," aliita kijana wake, "umefika wakati mzuri. Shika kamba hii."

Nikaishika. Nikauliza, "Mwalimu yuko wapi?"

"Nyuma, anatafuta kamba nyingine. Hii haitoshi, mzigo ni mwingi mno." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikuja kumchukua, Fundi. Niliazima gari kabisa, na mke wangu ametandika kitanda. Nimefika hapa, mama akanipeleka ghalani."

Aliinua pembe ya turubai. Magunia. Magunia ya mahindi, yamepangwa moja juu ya jingine, yameshonwa midomo kwa mshono mmoja ulionyooka kama mstari wa daftari.

"Na yake?" niliuliza. "Amebakiza ya kula?"

"Ghala limejaa. Haya ni ya kwetu. Anasema aliwaona watoto wangu kwenye picha, wamekonda."

Mwalimu alitokea nyuma ya nyumba na kamba ya katani mkononi, miguu peku, pumba za mahindi kwenye nywele. Nikaficha mikono nyuma na kusema shikamoo, na akasema marahaba, akaniuliza kwa nini nimekuja bila taarifa. Nilikuwa nacheka. Nikainua mabega.

"Usinijibu kwa mabega," alisema, akamrushia mwanawe kamba.

Tulifunga mzigo. Alimtaka mwanawe aendeshe polepole kwenye makorongo, amsalimie mkewe, na amwambie kitanda akitandue. Kijana alimkumbatia muda mrefu, kisha akapanda. Pikapu ikaondoka ikilalama kwa uzito, ikashuka kilima kuelekea lami na Arusha, na mimi na Mwalimu tukabaki tumesimama mlangoni pake, tukiitazama ikienda bila yeye.